Mjumbe wa Tisa Hanywi Maji ya Mtu

Dominika alitua debe mlangoni, akakaa chini palepale mchangani, miguu ameinyoosha kama mtu aliyeangushwa. Hajafungua hata kanga aliyojifunga kiunoni, mumewe akasema kutoka kibarazani:

"Mama Severina, nibakizie ya shati."

Pole hakusema. Siku nyingine husema. Siku hiyo ilimtoka, maana kesho yake kulikuwa na baraza.

Dominika alimtazama tu. Alikuwa ametoka nyumbani jogoo wa kwanza hajawika, akashuka ukingo wa uwanda mpaka bondeni upande wa Ruvuma, akangoja zamu yake kwenye kishimo cha mchanga ambacho maji yake huja kidogokidogo kama machozi ya mtu mzima, akapanda tena kwa kushika mizizi. Sasa jua limesimama utosini. Debe lilipotoka bondeni lilikuwa limejaa. Lilipofika mlangoni lilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa mgongoni mwake na njiani.

"Ya shati gani?" alisema hatimaye. "Ndani kuna mzazi."

"Najua kuna mzazi. Sikusema nipe debe zima. Kata nne, tano. Unataka nisimame mbele ya Bwana Shauri wa wilaya na shati lenye jasho? Watasema nini?"

"Watasema una jasho."

"Wewe fanya mzaha." Anselmo alishuka kibarazani akachungulia debe. "Kesho kuna mwenye gazeti anakuja na kamera. Watu wa mpaka Masasi huko watanitazama. Mjumbe asiye na mtu nyuma yake, kitu alichonacho ni jina lake na shati lake."

Akachota mwenyewe. Dominika alihesabu: kata sita.

Ndani, Severina, binti yao, alikuwa na siku ya nne tangu ajifungue. Mtoto wa kwanza, wa kiume. Mumewe yuko mkongeni Lindi, kwa hiyo amekuja kuzalia kwa mama yake. Mkunga Agnes, aliyefundishwa na masista wa misheni, alikuwa amesema maneno yake mara mbili, na mara ya pili aliyasema kwa ukali: mzazi aogeshwe na kukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, nguo zake zichemshwe, la sivyo uchafu utageuka homa. Siku ya kwanza aliogeshwa. Siku ya pili alipanguswa. Jana hapakuwa na kitu. Leo asubuhi, mama mtu akiwa bado njiani, mwili ulianza kuchemka.

Dominika aliingia akamwekea mkono shingoni. Akautoa upesi kama aliyegusa sufuria.

"Mama, ninanuka," Severina alisema, uso ameuelekeza ukutani. "Mtoto nikimweka kwenye ziwa anageuza kichwa."

"Hunuki. Ni homa inakudanganya."

Lakini alikuwa ananuka.

*

Tusimwonee Anselmo. Hakuwa mwizi, na hilo ndilo lililoiponza nyumba yake. Mwaka wa nyuma, wakulima wote wa Namdimba wakiwa wamepanga magunia yao ya korosho, ni yeye aliyeinama chini ya mizani ya mnunuzi akabandua kipande cha chuma kilichofichwa pale, akakiinua juu watu wakakiona. Kwa hiyo mwaka huu wa kura, Mwingereza akiwa bado hajafunga virago, serikali iliposema baraza la kijiji litakuwa la watu tisa wa kuchaguliwa, Anselmo alisimama peke yake. Mtu wa Jumbe si yeye, kadi ya Chama hana. Akapita.

Wanane waliobaki waligawanyika pasu kwa pasu. Wanne wa Jumbe Alfani, wanne wa Chama wakiongozwa na Nikolao, fundi cherehani. Sheria ya baraza ilitaka mikono mitano, pungufu ya hapo hakuna neno linalopita. Jumbe alikalia kiti cha mwenyekiti, lakini alikikalia kama mtu aliyekaa kwenye tawi: mikono minne tu haikumtosha kuendesha hata shughuli ya kufagia soko. Ikabidi aende kwa Anselmo, yeye Jumbe, kwa miguu, kofia mkononi.

"Nitakupa mkono wangu kwenye kodi na mishahara ya makarani, ili baraza lisivunjike," Anselmo alimwambia. "Mengine yote nitayatazama moja moja, siku ileile. Na mtu asidhani nimekuwa wake."

Habari hiyo ilitembea. Huyu ndiye mwanamume, watu walisema. Na siku aliyoapishwa Anselmo alisimama uani pake, watu wamejaa mpaka kwenye mikorosho, akatangaza:

"Mzee wetu Jumbe, Nang'olo Alfani, ana bati na ana tangi la saruji. Chama kina lori na mapipa. Kuanzia leo nyumba hii haichoti kwa Jumbe wala haichoti kwenye pipa la Chama. Anayenipa maji leo, kesho ataudai mkono wangu!"

Watu walipiga makofi. Dominika naye alipiga. Ulikuwa mwezi wa tano, mvua zimekatika juzi tu, mitungi imejaa pomoni.

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi. Watu wa Jumbe walichota tangini. Wenye kadi walichota mapipani, Jumatano na Jumamosi, lori likitoka bondeni. Aliyekuwa hana upande alitoka jioni na kijimtungi akaomba kwa jirani, na jirani alimpa, maana hata uwandani kwetu watu ni watu. Nyumba moja tu Namdimba haikuchota na haikuomba. Ilishuka bondeni. Yaani Dominika ndiye aliyeshuka bondeni; Anselmo kazi yake ilikuwa kutokunywa ya mtu.

Na kisa chenyewe cha baraza kilikuwa maji hayohayo. Serikali ilikuwa na mabomba ya kufikisha mfereji mmoja Namdimba. Upande wa Jumbe ulitaka mfereji usimame mbele ya banda la baraza. Upande wa Chama ulitaka usimame sokoni. Kutoka barazani hadi sokoni, mwanamke akimwita mtoto wake kwa sauti ya kawaida, mtoto anaitika. Mara mbili baraza lilikaa juu ya neno hilo, na mara mbili Anselmo, mwenye mkono wa tano, aliomba liahirishwe.

"Nikisema barazani, wataniita kibaraka wa Jumbe," alimweleza mkewe. "Nikisema sokoni, wataniita wa Nikolao. Ngoja lipoe."

"Lipoe na nini, Baba Severina? Hatuna hata maji ya kulipoza."

Alicheka. Alidhani mkewe anatania.

*

Alasiri Zena alikuja, kikapu kichwani, juu amefunika majani ya kisamvu. Zena ni jirani wa nyumba ya pili, mumewe mwenye kadi. Alipita moja kwa moja jikoni bila hodi, akashusha, akaondoa majani. Ndani mlikuwa na mtungi.

"Usiniulize, shoga. Chukua."

"Zena, unajua mambo ya nyumba hii."

"Ya nyumba hii nayajua, na ya mzazi nayajua pia. Nimezaa sita mimi. Mama Severina, mwanao anaungua ndani na wewe unaniambia habari za Chama? Mimi nimekuletea Chama? Nimekuletea maji!"

Dominika aliumimina ule mtungi ndani ya debe lake, juu ya yale yaliyobakia ya bondeni. Debe likapanda mpaka karibu na mdomo. Yalikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na aliyatazama kwa furaha ambayo alikuwa ameisahau. Akapanga kuni. Zena akatoka na kikapu chake kitupu.

Mlangoni akapishana na Anselmo, aliyekuwa akirudi na kundi: watu sita saba wa kijiji waliozoea kumfuata, na bwana mmoja mwenye kofia ya pama na kamera shingoni. Huyo ndiye Cyril wa gazeti, amefika siku moja kabla ili aone nyumbani kwa mjumbe asiye na upande.

Mmoja wa wale wafuasi alimtazama Zena akiishia. "Huyo si mke wa yule mwenye kadi? Leo Jumamosi, lori limekuja. Nilimwona akija na kikapu kizito, sasa katoka nacho kinapepea."

Akacheka. Wengine wakacheka kidogo. Anselmo hakucheka. Alikwenda jikoni, watu nyuma yake, akaliona debe.

"Mama Severina. Mchana lilikuwa nusu."

"Ndiyo."

"Na mimi nikatoa."

"Ulitoa kata sita."

"Sasa limejaaje?"

Angeweza kusema uongo. Mdomo ulikuwa mkavu mno hata kwa uongo. "Zena amempa Severina maji ya kuoga. Hakukupa wewe."

"Ya pipani."

"Ya kuoga."

Cyril alikohoa. Wale wafuasi walimtazama Anselmo, na Anselmo aliona wanavyomtazama. Huo ndio ugonjwa aliokuwa ameupata tangu mwezi wa tano, kuona anavyotazamwa.

"Toa yale ya Zena," alisema.

"Nitayatoaje? Yamechanganyika na ya bondeni."

"Basi yote."

"Anselmo!" Hakuwa amemwita hivyo tangu waoane. "Haya nimeyabeba kwa shingo yangu!"

Alikuwa ameshalinyanyua. Alilipeleka katikati ya ua, mahali pa kuonekana, akasema kwa sauti ile ya siku ya kuapishwa: "Nyumba hii hainunuliwi!" Akaliinamisha. Ardhi ya uwandani haijui aibu. Ililamba yote palepale, ikaacha duara jeusi lisilomtosha kuku kuoga.

Mtu mmoja akapiga makofi. Kisha wote.

"Mzee," Cyril alisema, akihangaika na kamera, "samahani, sikuiwahi. Ungeweza kurudia?"

"Yamekwisha."

"Shika hivyohivyo tu, liinamishe. Kwenye picha halitaonekana kuwa ni tupu."

Na Anselmo akashika. Mjumbe wa tisa akasimama uani pake ameinamisha debe tupu, kidevu juu, akingoja lile jicho la kioo lipepese. Ndani Severina aliita, "Mama, yamechemka?"

Dominika alisimama mlango wa jikoni, kibiriti mkononi. Hakulia. Angelia angepoteza maji.

*

Jumapili hakuna baraza kwa kawaida, lakini Bwana Shauri alikuwa safarini na siku yake ya Namdimba ilikuwa hiyo. Anselmo alivaa shati lake jeupe, limenyooka kwa pasi ya makaa. Alipotoka, mkunga Agnes alikuwa akiingia.

"Shikamoo, Mama Agnes."

Agnes hakuitikia marahaba. Alipita.

Alikaa na Severina muda mfupi, akatoka akifuta mikono kwenye kanga. "Maziwa yanakauka," alimwambia Dominika. "Homa imeshuka tumboni. Nilisema maji. Sikusema dawa ya Ulaya, sikusema nyama. Maji! Leo akandwe vizuri, nguo zote zichemshwe, tuone. Kesho ikiwa hajapoa tunamfunga kwenye machela mpaka hospitali ya Lulindi, na njia ile yote kwa jua hili siwezi kukuahidi kitu."

Dominika aliingia ndani. Akatoka na madebe mawili: lile lake, na la kuhifadhia mtama, ambalo mtama wake aliumwaga kwenye ungo. "Kaa naye," alisema.

"Unakwenda bondeni saa hizi? Utarudi jua linazama!"

"Siendi bondeni."

Alikwenda barabara kuu, katikati, si kwa vichochoro. Banda la baraza lilikuwa na kuta za nusu. Mtu akipita nje anaonekana kuanzia kifuani. Tangi la Jumbe lilikuwa kando yake, hatua ishirini. Dominika alipita mbele ya wajumbe tisa na Bwana Shauri na karani wake, madebe mawili yanagongana kama kengele ya kanisa, akaenda kusimama mbele ya tangi.

Mke mdogo wa Jumbe ndiye aliyekuwa na ufunguo wa koki. Alimwona, akatabasamu mpaka jino la mwisho. "Karibu, karibu Mama Severina! Jamani, mpisheni. Leo ni siku ya baraka. Tulisema tu, siku moja Baba Severina ataona haki iko wapi."

"Baba Severina hayuko hapa," Dominika alisema. "Niliyekuja ni mimi, Dominika. Katika lile banda sina mkono, na wewe huna. Basi usinitabasamie kama muuza shanga. Mwanangu amezaa, hajaoga siku tatu. Fungua."

Tabasamu lilifungwa, koki ikafunguliwa. Debe la kwanza lilijaa. Nyuma yake, bandani, maneno yalikuwa yamekatika.

Alijitwika lile debe, akalishika lingine tupu mkononi, akavuka mpaka sokoni. Mapipa ya Chama yalikuwa chini ya turubai, na foleni fupi ya waliokosa Jumamosi. Mzee mlinzi alinyoosha kiganja. "Kadi, mama."

"Sina kadi."

"Bila kadi..." Kisha akamtambua. Akageuza sauti. "Aa! Mke wa mjumbe wetu! Pita mbele, mama, pita."

"Mjumbe wenu tangu lini? Jana amemwaga maji yenu mchangani na watu wakapiga makofi. Nichotee. Si kwa sababu yake. Jana ungeninyima, na kesho utaninyima. Leo mnanipa kwa kuwa mkono wa tano bado uko juu ya meza. Najua. Nichotee hivyohivyo."

Mzee alichota bila kumtazama usoni. Zena, aliyekuwa kwenye foleni, alilichukua lile debe la pili akajitwika mwenyewe. Walirudi pamoja, kwa njia ileile, mbele ya banda. Safari hii bandani hapakuwa na kimya. Palikuwa na kicheko.

*

Walimkanda Severina kwa maji ya moto, Agnes upande huu, mama yake upande ule. Walimwosha nywele. Walichemsha nguo zake zote, za mtoto pia, na bado maji yalibaki. Severina alilia kwa maumivu, halafu akalia kwa raha, halafu akalala kinywa wazi. Homa ilikuwa bado ipo.

"Tumechelewa siku mbili," Agnes alisema. "Usiku huu ndio utasema." Akaketi. Hakuaga.

Zena alikuwa amekimbilia barazani kusikiliza. Alirudi anahema.

"Shoga, ungekuwepo! Wamenisimulia, ulipokuwa tangini Nikolao alisimama: 'Mwenyekiti, mke wa mjumbe yule anachota tangini kwako, amekwisha nunuliwa!' Jumbe anacheka kimoyomoyo. Hajamaliza kucheka, mtu aliyeegemea ukuta wa nje akapiga kelele: 'Sasa yuko kwenye pipa la Chama!' Basi banda zima, ha! Hata Bwana Shauri anamuuliza karani, wanacheka nini hawa? Karani ataelezaje?"

"Mfereji?"

Zena alikaa chini. "Wakamwambia, Mjumbe Anselmo, mkono wako. Barazani au sokoni. Akasimama. Akasema jina lake limechafuliwa, na mtu aliyechafuliwa jina hawezi kupiga kura siku hiyo, asije akasemwa. Akatoka. Wakabaki wanne kwa wanne."

"Na Bwana Shauri?"

"Alifunga jalada. Mabomba yanakwenda kijiji cha pili. Sisi, siku tutakayopata mikono mitano, tumwandikie barua."

Agnes alitema mate pembeni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

Anselmo alifika jua likiwa limeanza kulegea. Alikuwa amezunguka kwa njia ya mashambani asikutane na mtu, na shati lilikuwa limeshika vumbi jekundu mgongoni. Lakini watu walikuwa wamemtangulia. Walisimama nje ya ua wakijifanya wana shughuli na mikorosho. Yale madebe mawili yalikuwa mlangoni, yamepangwa sambamba, kila moja limebaki robo. Dominika alikuwa ameketi katikati yake, kata mkononi.

Anselmo aliyatazama. Mguu wake mmoja ulisogea mbele.

"Mwaga," Dominika alisema. Hakuinua sauti. "Mwenye picha hajaondoka. Mwite. Mwaga, na mimi leo nitasimama pembeni yako nishike mtoto wa Severina, tutoke vizuri."

Hakumwaga. Alisimama. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na kwenye pembe zake palikuwa na ule weupe wa mtu aliyeshinda juani tangu asubuhi bila kitu. Alitazama watu ng'ambo ya ua. Alimtazama mkewe. Alipoongea sauti ilikuwa ndogo, ya kusikika hapo tu.

"Dominika. Nipe kata moja."

Dominika aliinua kata, akaiweka kati ya debe na debe, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mikorosho:

"Ya Jumbe au ya Chama?"